WATOTO WA DARASA LA KWANZA HAWANYAMAZISHWI KWA FIMBO

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama na wazazi katika mkutano wa tawi. Tumeombwa tuyaandike ili na wale ambao hawakuhudhuria wapate kuyasoma.)



Tumeitwa hapa leo kujibu mashtaka, tusifichane. Katika mkutano uliopita ndugu mmoja alisimama akasema kwamba walimu wa siku hizi wameshindwa na watoto. Kwamba ukipita nje ya darasa la kwanza utadhani umepita sokoni. Na kwamba zamani mwalimu alikuwa akikohoa mara moja tu, watoto wote wanakauka kama miti. Twaambiwa makofi yalikuwa mengi. Sisi hatukuwapo siku ile, lakini habari zilitufikia kabla jua halijachwa, kwani maneno ya tawini hayalali njiani. Basi tumekuja kujibu, wala hatukuja kwa hasira. Ndugu yule ana haki ya kusema. Mtoto ni wake, shule ni yake, na matofali ya shule ile mengine aliyachoma yeye.

Kwanza twakubali kwamba kelele zipo. Darasa letu la kwanza lina watoto 112. Kipimo kilichowekwa na Serikali kwa shule za msingi ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Madawati yetu hayatoshi hata nusu yao, kwa hiyo wengine hukaa chini juu ya mikeka, na wale wa mikekani huwavuta miguu wale wa madawatini. Watoto 112 wa miaka sita na saba wakivuta pumzi tu pamoja, kelele imekwisha kuwapo.

Wala hatulalamiki kwamba wamekuja. Tungekuwa watu wa ajabu kulalamika. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba kila mtoto wa nchi hii apate elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977, badala ya kungoja mwaka 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. Watoto wakaja kwa maelfu, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huko huko vijijini ili wawapokee. Baadaye karo ikarudi, watoto wakapungua. Ikaondolewa tena ulipoanza ule mpango wa MMEM mwaka 2002, wakafurika. Na tangu Januari 2016, ilipotangazwa elimu bila ada, wamefurika zaidi. Mtoto anayepiga kelele darasani ni bora mara mia kuliko mtoto aliye kimya porini nyuma ya mbuzi wa mtu mwingine. Tuseme hilo kwanza, ndipo tuendelee.

MZEE NA BUNDA LA FIMBO

Mwaka jana, wiki ya kwanza ya muhula, mzee mmoja ambaye twamheshimu sana alikuja shuleni asubuhi na mapema akiwa na bunda la fimbo begani. Fimbo za mkwaju, zimenyooka, zimeparuliwa vizuri, yapata arobaini hivi. Akatuambia, "Walimu wangu, mjukuu wangu ameanza leo. Sina cha kuwapa ila hiki. Mchapeni, mnirudishie macho tu."

Tulipokea kwa mikono miwili, kwa maana zawadi ya mzee hairudishwi. Na fimbo zile tumezitumia mpaka leo. Tulizikatakata vipande vya urefu wa kidole, tukazifunga kumi kumi kwa uzi wa katani, na watoto wamejifunzia kuhesabu kwazo. Mjukuu wake sasa hutoa kumi katika makumi bila kutazama vidole. Mzee alipokuja kuuliza fimbo zimefika wapi, mjukuu mwenyewe ndiye aliyemwonyesha. Alicheka, akatutazama, akacheka tena, kisha akasema kwamba tumemwibia. Yumo humu leo, naye atatusamehe kwa kuisimulia.

Lakini swali lake lilikuwa swali la kweli. Alikuwa akiuliza: kama si fimbo, ni nini? Hilo ndilo tunalotaka kulijibu, kwani mtu hawezi kuambiwa atupe jembe lake kabla hajaonyeshwa jembe jingine.

MTOTO HAJUI, SI KWAMBA HATAKI

Fikirini mtoto anatoka wapi. Mpaka Desemba alikuwa nyumbani. Akitaka kusimama anasimama, akitaka maji anakwenda mtungini, akiona kuku anamfukuza. Hajapata kukaa mahali pamoja kwa nusu saa ila akiwa amelala. Januari mnamvalisha sare, mnampa kidumu cha maji na ufagio, na asubuhi ile ile anatakiwa akae, anyamaze, anyoshe kidole, angoje, asimame, aketi tena. Na wengi wao wanaambiwa yote hayo kwa Kiswahili, nao nyumbani husema Kisukuma au Kigogo au Kimaasai. Tumewaona watoto wakichapwa kwa kutokaa chini, kumbe neno "kaa" lenyewe lilikuwa halijawafikia. Yule mtoto hakukataa amri ya mwalimu. Hakuipata.

Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo hatufundishi herufi nyingi. Wazazi wengine walitulaumu, wakasema mtoto amekaa siku kumi na daftari bado ni jeupe. Ni kweli daftari lilikuwa jeupe. Katika siku zile tulikuwa tukifundisha kuingia mlangoni. Mtacheka, lakini watoto 112 wakiingia katika mlango mmoja kila mmoja kwa mbio zake, wawili wataumia na dakika kumi zitapotea. Na kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30 tu. Fanyeni hesabu. Kinachopotea mlangoni ni theluthi ya somo, na kinapotea kila siku ya Mungu.

Basi tukawafundisha hivi. Kengele yetu ni kile kipande cha reli kilichoning'inia mwembeni. Ikigongwa mara moja ndefu, kila mtoto hukimbilia mstari wake. Ikigongwa mara ya pili, miguu husimama. Tunaingia tukiimba wimbo mfupi wa kuhesabu, na wimbo ukiisha kila mtu awe ameketi. Tulikwenda tukarudi, tukaingia tukatoka, siku ya kwanza mara sita. Watoto walidhani ni mchezo, wakafurahi. Siku ya nne waliingia wenyewe, na mwalimu alikuwa bado yuko ofisini akitafuta chaki.

Makundi nayo yametuokoa. Tumewagawa watoto wote makundi 14, kila kundi watoto wanane, na kila kundi lina jina la mti: Mwembe, Mnazi, Mbuyu, Mkorosho, na kadhalika. Kundi lina boksi lake la sabuni ambamo madaftari yake hukaa. Zamani mwalimu akigawa madaftari kwa kuita majina, kipindi kizima kilikwisha, na watoto waliokwisha kupewa walianza vita na wale waliokuwa wakingoja. Sasa mkubwa wa kundi anachukua boksi, anagawa kwa wenzake saba, na yote yamekwisha kabla mwalimu hajamaliza kuandika tarehe ubaoni. Mkubwa huyo hubadilishwa kila Jumatatu. Hatutaki watawala wa kudumu katika umri wa miaka saba.

Ruhusa ya kwenda chooni ilikuwa balaa. Mmoja akiomba, ishirini wanaomba. Ukikataa wote, kuna atakayejikojolea, na mtoto aliyejikojolea mbele ya wenzake huenda asirudi kesho. Tukapigilia misumari miwili karibu na mlango, tukaning'iniza vibao viwili, kimoja cha wasichana, kimoja cha wavulana. Kibao kikiwapo, unakichukua unakwenda, huna haja hata ya kuomba. Kisipokuwapo, unangoja mwenzako arudi. Aliyebanwa sana anyoshe mikono miwili, huyo hupita bila kibao. Jambo dogo kama hili, ndugu zangu, liliondoa nusu ya kelele ambazo ndugu yetu alizisikia alipopita.

Penseli, vilevile. Katika darasa letu wizi mkubwa ulikuwa wa penseli, na tulikuwa tukiutendea kama wizi: msako, kilio, adhabu. Halafu tukatazama nani wanaoiba. Walikuwa ni wale wasiokuwa nazo. Mtoto hana penseli, mwalimu anasema andikeni, naye akikaa bila kuandika atakaripiwa, afanyeje? Sasa penseli ikinunuliwa twaikata vipande viwili, na kikopo cha vipande kiko juu ya meza ya mwalimu. Asiyekuwa nayo huchukua, saa ya kutoka hurudisha. Havirudi vyote, lakini msako umekwisha.

KITENDAWILI!

Twaulizwa: je, wakipiga kelele katikati ya somo, mnawanyamazisha kwa nini kama si kwa fimbo kupigwa juu ya meza?

Sasa tunawauliza ninyi, wanachama. Wazee wetu waliohudhuria mikutano ya TANU pale Mnazi Mmoja katika miaka ya 1950 walitusimulia jinsi watu walivyojaa mpaka barabarani. Hapakuwa na askari wa Chama wa kuwachapa watu wanyamaze. Msemaji alipanda jukwaani akapaza sauti, "Uhuru!" na umati ukaitika, "Na Umoja!" Mara ya kwanza waliitika walio karibu, mara ya pili wa katikati, mara ya tatu uwanja mzima, na baada ya mwitiko ule wa tatu ungeweza kusikia mtoto mchanga akilia kwa mama yake. Maelfu ya watu wazima walinyamaza kwa sababu walikuwa wameitika pamoja. Na msemaji mwenyewe, wasahaulifu wakumbuke, alikuwa mwalimu wa shule hadi mwaka 1955, na jina la Mwalimu halikumtoka mpaka alipofariki mwaka 1999.

Basi nasi twafanya hivyo hivyo. Mwalimu husimama mahali pamoja, daima ni pale pale karibu na ubao, na kusema, "Kitendawili!" Watoto huitika, "Tega!" Mara ya pili kwa sauti ndogo zaidi. Mara ya tatu mwalimu hunong'ona, nao hunong'ona. Halafu kweli anatega kitendawili, maana ukiwadanganya mara mbili hawatakuitika tena. Siku nyingine ni "Hadithi, hadithi!" nao huitika, "Hadithi njoo!" Vitu hivi havikutoka ng'ambo wala havikununuliwa kwa fedha. Bibi zetu waliwakusanya wajukuu kumi na watano kando ya moto kwa neno hilo moja, na sisi tuliokwenda chuoni tukavisahau, tukaja na fimbo.

Na fimbo hiyo, ndugu, twasikia watu wakisema kwamba ndiyo desturi yetu Waafrika. Hatukatai kwamba wazee waliadhibu. Lakini kumpanga mtu mbele ya wenzake na kumhesabia viboko kwa sauti ni mafunzo ya nani? Wazee wa pwani na bara walikuwa na jina la viboko vya Mjerumani: "hamsa ishirini". Ishirini na tano, kwa hesabu, mbele ya watu. Jina hilo lilibaki midomoni muda mrefu baada ya Mjerumani mwenyewe kuondoka. Tumemfukuza mkoloni tukaiweka fimbo yake kabatini pamoja na chaki, na sasa twaapa kwamba aliikuta hapa.

YULE WA NYUMA

Tukisema hivi tusije tukaonekana walimu wema wasiokosa. Tumekosa, na kosa moja twataka kulisema hapa mbele yenu, kwani mzazi wake tulikwisha kumwomba radhi.

Tulikuwa na mtoto wa kiume aliyekaa nyuma kabisa karibu na dirisha. Tukimwita haitikii. Tukisema simameni, yeye husimama mwisho, baada ya kutazama wenzake. Tukisema andikeni tano, yeye ameandika tatu, au hakuandika kitu. Tulimwita mkaidi. Tulimchapa, si mara moja, na kila alipochapwa alizidi kuwa kimya, nasi tukasema, mnaona, huyu ana kiburi. Muhula mzima ulikwenda hivyo.

Siku moja mvua ilivuja kule nyuma, tukawahamishia mbele watoto wa mistari miwili. Yule mtoto akawekwa karibu kabisa na meza ya mwalimu, upande wa kulia. Asubuhi ile aliitika. Akajibu swali. Akajibu jingine. Mwalimu alipomwinamia aone daftari lake alisikia harufu, akatazama sikio la kushoto, akaona usaha umekauka mpaka shingoni. Na la kulia lilikuwa likisikia nusu tu. Zahanati walimsafisha wakampa dawa, na mama yake akasema alidhani sikio la mtoto hutoka usaha likapona lenyewe.

Tulimchapa mtoto kwa kosa la kuumwa sikio. Hatukujua, ni kweli. Lakini tungalijuaje, ikiwa fimbo ilikuwa imekwisha kutupa jibu kabla hatujauliza? Tangu siku ile tunafanya jambo moja kila mwanzo wa muhula: mwalimu anasimama nyuma ya kila mtoto na kumnong'oneza jina lake, kisha anamsimamisha mbali na ubao amsomee herufi anazozijua. Asiyesikia na asiyeona vizuri huja mbele. Mwaka huu tumewapata watano.

HABARI ZA KIRANJA NA ORODHA

Kuna jambo jingine ambalo wengi wenu mtalikumbuka kutoka utotoni. Mwalimu akitoka darasani humwachia kiranja karatasi aandike majina ya wapiga kelele. Mwalimu akirudi huchukua orodha, na walioandikwa huadhibiwa bila swali.

Tulitumia desturi hiyo miaka mingi. Kisha tukaanza kuona kwamba mtoto fulani, mwenye karanga kila siku, haandikwi hata kidogo, na mtoto fulani, mnyonge, asiyekuwa na kitu, huandikwa kila siku, mara nyingine kabla mwalimu hajafika mbali na mlango. Kiranja alikuwa anakula karanga. Tumemfundisha mtoto wa miaka minane kupokea rushwa na kushtaki jirani, halafu akiwa mtu mzima afisini twashangaa amejifunza wapi. Orodha tumeichana. Mwalimu akitoka huacha kazi: kundi la Mbuyu lipange vijiti makumi manne, kundi la Mnazi lichore kitu kinachoanza na herufi ma. Mtoto mwenye kazi mikononi mdomo wake hupungua.

MBONA SISI TULICHAPWA TUKAWA WATU?

Hili ndilo neno tunalolisikia kuliko yote, na huenda sasa hivi liko katika mioyo ya wengi humu. Sisi tulichapwa, na tazama, tumesoma, tumekuwa watu.

Ndugu zetu, aliyechapwa akavumilia ndiye anayeweza kusimama leo katika mkutano na kusema hivyo. Waulizeni na wale waliokimbia. Kila mmoja wenu anamjua mwenziwe wa darasa la pili ambaye siku moja aliingia kichakani asubuhi na daftari lake, na kesho yake pia, na kesho kutwa, mpaka baba yake alipochoka akampa ng'ombe achunge. Huyo hakuja kwenye mkutano huu kutoa ushahidi. Akija kupiga kura huweka dole gumba.

Sheria nayo isisahauliwe. Kanuni za viboko zilizotolewa mwaka 2002 zilisema viboko visizidi vinne. Kwamba mwenye kuchapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Kwamba ni kwa kosa kubwa la nidhamu. Kwamba msichana achapwe na mwalimu mwanamke ikiwa yupo. Na kwamba kila adhabu iandikwe katika daftari. Hakuna mahali zilipotaja kuchelewa kwa kuvuka mto, wala kukosa hesabu, wala kutokusikia. Jirani zetu wa Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Uganda wakatia katazo hilo katika sheria yao ya watoto mwaka 2016. Na sote twakumbuka Agosti 2018, mkoani Kagera, mwanafunzi wa shule ya msingi alipofariki baada ya kupigwa kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mwalimu, na mwaka uliofuata mahakama ikamtia mwalimu hatiani. Mwalimu yule naye, asubuhi ile alipoamka, hakukusudia tuyajue hayo juu yake. Fimbo ikiinuliwa kwa hasira, mwenye kuishika hajui itakapoishia.

Msidhani basi kwamba mtoto akikosa tunamtazama tu. Akimpiga mwenziwe, anahamishwa akae karibu na mwalimu, na saa ya mapumziko anabaki dakika tano wakati wenzake wanacheza. Kwa mtoto wa miaka saba dakika tano hizo ni ndefu kuliko Ramadhani. Akimwaga maji ya mwenziwe, atayachota mengine. Akichana daftari, atakaa na mwalimu walishone. Na akifanya vema twamwambia alichofanya: "Umengoja zamu yako," au "Umemsogezea mwenzako mkeka." Makofi ya jumla tumeyapunguza. Yakipigwa kwa kila kitu, mtoto hajui amepigiwa kwa lipi.

Wala njia hizi haziponyi kila kitu. Tunaye mmoja bado anauma wenzake, na mpaka leo hatujajua sababu. Kuna Jumatatu ambazo hata kitendawili hakifui dafu, hasa baada ya siku ya mnada, watoto wamelala usiku wa manane.

HAYA NI YENU

Na hapo ndipo twafika kwenu, kwa maana hatukuja kujitetea tu.

Kwanza, acheni kututumia sisi kama zimwi. Mtoto akikataa kula nyumbani anaambiwa, "Nitakwenda kumwambia mwalimu akuchape." Akikataa kuoga, mwalimu. Akifika darasani siku ya kwanza anatutazama kama anayetazama chui, na wiki nzima inapotea kumtoa hofu.

Pili, uji. Watoto wengi hutoka nyumbani bila kitu tumboni, na ikifika saa nne mtoto mwenye njaa hugombana, husinzia, au hulia. Hakuna utaratibu wa darasani unaoshinda njaa. Mwezi ambao mahindi ya wazazi yalipatikana, ugomvi wa baada ya mapumziko ulipungua kiasi ambacho hata mlinzi wa shule alikiona. Mwezi uliofuata mahindi yakaisha, na ninyi mkapita mkasikia soko. Atakayeweza debe alete debe, atakayeweza kisado alete kisado, na hesabu itabandikwa mlangoni mwa ofisi kila Ijumaa, ili asiseme mtu kwamba walimu wamekula.

Tatu, choo. Kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Nendeni mkahesabu yetu kabla hamjarudi makwenu, si mbali. Lile la wasichana halina mlango tangu upepo wa Machi, na wasichana wakubwa husindikizana wawili wawili ili mmoja asimame mlangoni. Kila anayesindikiza anakosa somo. Seremala yumo humu, tunamwona.

Na la mwisho ni lile boma. Mnalijua. Kuta zilifika kwenye lenta kwa nguvu zenu wenyewe, kisha zikasimama, na sasa mbuzi hulala humo. Likiezekwa, watoto 112 watakuwa 56 na 56. Hata hapo tutakuwa tumezidi kile kipimo cha 45, lakini 56 ni watoto ambao mwalimu anaweza kuyafikia madaftari yao yote katika nusu saa. Mabati ya upande mmoja yamekwisha kuahidiwa na kijiji. Mbao hazijapatikana, na mchanga wa sakafu uko mtoni.

Tumekubaliana na Mwenyekiti kwamba ni Jumamosi hii, saa moja asubuhi, kabla ya jua kali. Wenye mikokoteni watangulie mtoni. Wenye ndoo na makoleo waje moja kwa moja shuleni. Watoto hawatachota mchanga, kazi hiyo ni ya wakubwa. Yule ndugu aliyesema juu yetu katika mkutano uliopita tunamwomba aje kabla ya hapo, Alhamisi saa mbili, akae nasi darasani kipindi kimoja. Mkeka tutamtandikia, kundi la Mkorosho.